Kadi 74 za Ordinary Girls: shajara ya usomaji wa wiki tisa

Maandalizi

Kitabu ni Ordinary Girls, kumbukumbu za maisha ya mwandishi wake, Jaquira Díaz, kilichotolewa na Algonquin Books mwaka 2019. Kurasa zinazidi 300, sehemu ni 4, lugha ni Kiingereza kilichochanganywa na Kihispania cha Puerto Rico. Msimuliaji ni mtoto wa baba mweusi na mama mweupe, wote wa kisiwani. Anaanza maisha Humacao, anakulia Miami Beach, na humo njiani anagundua kwamba anapenda wasichana wenzake.

Mgawanyo: kurasa 35 hadi 40 kwa wiki, kikao cha dakika 90. Nakala 1 kwa kila wasomaji 2. Wakizidi hapo, foleni ya kitabu inaua ratiba. Kadi za karatasi ngumu za kuandikia maelezo kwa Kiswahili, kalamu za rangi 3, na ramani 2 zilizochapwa kwenye A3, moja ya Puerto Rico na nyingine ya kaunti ya Miami-Dade. Bluu ni watu, kijani ni maneno, nyekundu ni kurasa nzito. Majina ya wasomaji hayaandikwi popote kwenye daftari. Uganda ilipitisha sheria yake dhidi ya mapenzi ya jinsia moja mwaka 2023, na daftari lina tabia ya kusahauliwa kwenye daladala.

Kosa la kwanza la mpango limeonekana kabla kitabu hakijafunguliwa. Ratiba ilipangwa kwa umri: utoto, ujana, utu uzima, kama tawasifu zetu zinavyokwenda, alizaliwa, akasoma, akaajiriwa. Kitabu hiki hakiendi hivyo. Sura zake kadhaa zilitoka kwanza kama insha za kujitegemea. Ile yenye jina la kitabu iliingia katika Best American Essays ya 2016, mkusanyo wa kila mwaka wa insha za Marekani. Kwa hiyo jambo linatajwa kwa sentensi moja, linaachwa, kisha linarudi baada ya kurasa 80 likiwa na nyama. Msomaji anayetafuta mstari ulionyooka hudhani ameruka ukurasa na huanza kurudi nyuma. Ratiba ya umri imefutwa. Kila sura sasa ina kadi 1 nyeupe yenye mambo matatu tu: mahali, umri, na nani anasema, "mimi" au "sisi".

Hilo la tatu linaonekana dogo, lakini ndilo linalobeba kazi. Díaz anahama kutoka "mimi" kwenda "sisi" bila kupiga hodi.

Wiki ya 1: Ciales na Humacao

Kitabu kinafunguka Ciales, mji wa milimani, mwaka 1985, baba na binti wakiwa uwanjani siku ya mazishi ya Juan Antonio Corretjer. Wasomaji wengi huliruka jina hilo wakidhani ni pambo. Lisirukwe. Corretjer alikuwa mshairi na mpigania uhuru. Katika miaka ya 1930 alihukumiwa pamoja na Pedro Albizu Campos, kiongozi wa chama cha wazalendo, kwa kosa la kula njama dhidi ya serikali ya Marekani, akafungwa Atlanta. Baba anayempeleka mtoto kwenye mazishi hayo ndiye huyohuyo anayeuza dawa za kulevya mtaani. Kadi ya bluu ya baba iandikwe yote mawili tangu wiki ya kwanza, ushairi na unga. Ikiandikwa moja, kufikia wiki ya tatu kuna kambi ya kumtetea na kambi ya kumlaani, na kikao kinageuka baraza la usuluhishi.

Mkwamo wa pili ni neno caserío. Kamusi ya Kihispania cha Hispania inaleta maana ya kitongoji, nyumba chache shambani. Msomaji anaona mbuzi na mahindi, kisha anashangaa polisi na risasi zimetoka wapi. Kwa Puerto Rico caserío ni mtaa wa maghorofa ya saruji yaliyojengwa na serikali kwa watu wa kipato cha chini, na El Caserío Padre Rivera ya Humacao ni mojawapo. Tafsiri iliyokubaliwa: "mtaa wa maghorofa ya serikali". Kanuni iliyotokana na hapo: neno lolote la Kihispania litafutwe kwanza kwa matumizi ya Puerto Rico, kisha ndipo kamusi ya jumla. Guagua kule ni basi. China ni chungwa. Pana ni shelisheli. Gandules ni mbaazi, na wali wa mbaazi ndio mlo wao wa sikukuu, jambo lililomaliza dakika 10 za kikao bila mtu kukasirika.

Wiki ya 2: rangi

Wiki hii kurasa zimesomwa 22 tu kati ya 38. Sababu si urefu wa sura.

Katika nyumba moja kuna rangi za watu zinazopishana: mtoto mmoja mweupe wa kuchukuliwa mzungu, mwingine mwenye ngozi na nywele za upande wa baba. Kiingereza cha Marekani kina visanduku viwili, mweusi na mweupe, na kusomea humo kunapotosha kila kitu. Puerto Rico ina ngazi nzima ya maneno. Trigueña linatokana na ngano. Rangi ya ngano iliyoiva. Jabá ni mwenye ngozi nyeupe na nywele za kipilipili. Negra ni mweusi, lakini mume humwita mkewe negra au negrita kwa mahaba, hata mke awe mweupe. Pelo malo ni "nywele mbaya", nalo halihitaji maelezo kwa yeyote aliyekaa chini ya kitana cha shangazi.

Jaribio la kwanza lilikuwa kutafsiri trigueña kwa "chotara". Limekataliwa: chotara inasema wazazi wako ni nani, trigueña inasema unaonekanaje. "Maji ya kunde" ndiyo iliyokaa. Inatoka jikoni kama ile ya ngano, inapima ngozi kwa jicho, na ina ujanja uleule wa kumsogeza mtu mbali kidogo na weusi bila kumtukana.

Ndipo mabibi. Bibi mzaa baba ni mweusi, anapika, analea, anaitwa Abuela, yaani Bibi. Bibi mzaa mama ni mweupe na anamdharau mjukuu kwa nywele na rangi. Huyo haitwi bibi, anaitwa kwa jina lake tu. Kiingereza kinatumia neno moja kwa wote wawili na wasomaji wawili walikuwa wamewachanganya kwa sura nzima. Hapa Kiswahili kinasaidia bila jasho: "mzaa baba" na "mzaa mama" ziandikwe juu ya kadi, na chini yake, anaitwaje na mjukuu. Heshima inayonyimwa ni sehemu ya hadithi. Yeyote anayeandika "nyanya" kwa wote wawili kwa ajili ya adabu ameifuta.

Tarehe ya kuweka pembeni: utumwa ulifutwa Puerto Rico tarehe 22 Machi 1873, na walioachwa huru wakalazimishwa kufanya kazi kwa mkataba miaka 3 zaidi. Bibi mzaa baba hayuko mbali na hapo kwa vizazi vingi.

Wiki ya 3: Miami Beach

Kurasa 41, zimekwenda haraka. Swali lililojirudia: walipataje viza? Hawakuhitaji. Wapuerto Rico ni raia wa Marekani tangu sheria ya Jones ya 1917. Akiwa kisiwani raia huyo hampigii kura rais; akihamia Florida anaweza. Miami Beach si Miami. Ni mji mwingine, juu ya kisiwa chembamba ng'ambo ya ghuba ya Biscayne, na wingi wa Wakuba mitaani una sababu yake, hasa wale wapatao 125,000 waliovuka kwa mashua kutoka Mariel mwaka 1980. Ramani ya A3 itolewe kabla ya sura, si baada yake.

Wiki ya 4: mtoto mwenye fulana ya pipi

Novemba 1990 mtoto wa miaka 3 alikutwa amekufa Miami Beach. Kabla hajatambuliwa, magazeti yalimwita Baby Lollipops kwa sababu ya picha za pipi kwenye fulana yake. Mama yake alihukumiwa kifo mwaka 1992; hukumu ikatenguliwa 2002, ikatolewa tena 2011, ikatenguliwa tena 2016, na kesi ya tatu ya mwaka 2017 ikaishia kifungo cha maisha. Díaz, aliyekuwa msichana mdogo katika mji huohuo, anaifuma kesi hii ndani ya maisha yake.

Wasomaji huuliza kwa nini kesi ya watu wengine imewekwa humu, na wengine hupendekeza kuiruka. Ikirukwa, sehemu ya pili, inayoitwa Monstruo, yaani zimwi, inabaki bila mgongo. Mama wa msimuliaji ana skizofrenia na uraibu. Mtoto anayeishi na mama anayemwogopa na kumpenda anasoma gazetini juu ya mama aliyefanywa zimwi la mji mzima. Kazi iliyofaa: karatasi yenye safu mbili, mama wa gazetini na mama wa nyumbani, na kila msomaji aandike chini ya kila mmoja vitenzi tu, bila vivumishi. Vivumishi vinahukumu haraka mno. Katika safu ya pili vitenzi vya upendo vilikuwa vingi kuliko ilivyotarajiwa.

Angalizo la lugha: msichana akisema mama yake ni loca, kinywani mwake "kichaa" ibaki, maana ndivyo mtoto wa mtaani asemavyo. Katika kadi zetu iandikwe skizofrenia. Neno la mtoto na neno la daftari yasiingiliane.

Wiki ya 5: kurasa nyekundu

Humu mna majaribio ya kujiua, la kwanza msimuliaji akiwa bado mtoto. Mna ubakaji, mna kipigo. Utaratibu ulioshika:

Msomaji 1 anatangulia wiki nzima na kubandika kadi nyekundu ukurasa mmoja kabla ya tukio, si juu ya tukio lenyewe. Ikibandikwa palepale jicho limekwishaona. Kurasa nyekundu hazisomwi kwa sauti. Mjadala wake unaanza kwa swali la uandishi: msimuliaji ana umri gani anapolieleza, na ni nani aliyekuwepo chumbani. Namna ya kujidhuru haijadiliwi kabisa. Dakika 15 za mwisho haziguswi na sura hiyo. Anayetaka kutoka hatoi sababu.

Kilichoharibika: kikao kimoja kilisogezwa hadi saa 3 usiku, na sura hizi zikasomwa karibu na saa za kulala. Zirudishwe mchana. Pia kadi 9 zilibandikwa kwa gundi inayochuna karatasi. Gundi ya unga wa ngano iliyochemshwa nyepesi inatoka bila jeraha.

Insha yenye jina la kitabu imo katika eneo hili, na hapa ndipo "sisi" inapotawala. Wasichana wanasemwa kwa wingi: wanatoroka shule, wanapigana, wanalewa, wanazungumza juu ya kifo kama wengine wanavyozungumza juu ya arusi. Ukihesabu, "mimi" inarudi pale tu jambo lilipompata peke yake. Kadi nyeupe zimeanza kulipa.

Wiki ya 6: shoga, somo, na kiwakilishi kisicho na jinsia

Wiki nzito kuliko zote, na ugumu wake umetoka kwetu, haumo kitabuni.

Tatizo la kwanza liligunduliwa kwa bahati. Muhtasari wa sura uliandikwa hivi: "Alimpenda kwa siri, akamwandikia barua, mwenzake akaolewa." Ukapita mikono minne. Wawili walielewa mapenzi ya msichana kwa msichana. Wawili walielewa mvulana, na "akaolewa" wakaidhania kosa la chapa. Kiingereza kingesema kwa neno dogo kwamba mpenzi ni wa kike. Ngeli ya A-WA haisemi. Muhtasari wa Kiswahili unaweza kuvuka kitabu kizima cha mwanamke anayependa wanawake bila mtu kutambua, na hilo limetokea bila mtu yeyote kukusudia kuficha.

Marekebisho: kila kadi inayohusu mapenzi itaje jina la mpenzi au iongeze "wa kike" au "wa kiume" katika mstari wa kwanza. Lakini muhtasari ule wa awali haujatupwa. Umegeuzwa zoezi: soma, chora mpenzi uliyemwona, kisha fungua kitabu. Hakuna mhadhara unaofanya kazi hiyo kwa dakika 5.

Tatizo la pili ni majina. Orodha ya kadi za kijani ilivyokaa:

Shoga. Kwa mwambao, kwa asili, ni rafiki wa mwanamke ambaye naye ni mwanamke. "Shoga yangu" ni salamu ya mapenzi ya kawaida. Mitaani leo ni jina la mwanamume anayependa wanaume, mara nyingi kwa matusi. Wasichana wa Miami Beach wa kitabu hiki ni mashoga kwa maana ya kwanza hadi kwenye mfupa, na neno haliwezi kutumika bila ukumbi kucheka. Limewekwa kando. Hasara ni kubwa na iandikwe kama hasara.

Msagaji. Kutoka kusaga. Tusi. Linabaki kwenye kadi kwa sababu Kihispania kina ndugu yake: tortillera, mpika tortila, nalo ni tusi kwa mwanamke wa namna hiyohiyo. Lugha mbili zisizojuana zimemtukana mwanamke kwa kazi ya jikoni. Mitaa ya Puerto Rico ina jingine, pata, bata jike, na mwanamume wake ni pato. Mahali mtu anapotukanwa kitabuni, tusi litafsiriwe kwa tusi; kulipaka sukari ni kumfanya aliyetukanwa aonekane mwenye kulialia bure.

Kwia. Limeandikwa kwa sauti ya Kiswahili, kwa sababu lile la Kiingereza, queer, lilikuwa tusi ambalo wenyewe walilinyakua na kujivika. Kuchu, jina walilojipa wapenda jinsia moja wa Uganda, lina desturi yake na mahali pake. Kumvika Mpuerto Rico ni kumwazima nguo ya jirani. Pasipohitaji jina, "anapenda wanawake" inatosha, na mara nyingi ndiyo bora. "Mpenda jinsia moja" ni la ripoti za mashirika. Limeondolewa.

Tatizo la tatu ni kukua kwenyewe. Kiswahili kinasema kuvunja ungo, na aliyevunja ungo ni mwari, na mwari ana somo wake, kungwi, anayemfunda. Swali lililowekwa mezani: nani alikuwa somo wa msichana huyu? Majibu yaliyopata hoja ndani ya kitabu ni matatu: Abuela, vitabu vya baba, na wasichana wenzake. La tatu ndilo lenye ushahidi mwingi, na ndilo linaloleta matatizo, kwa kuwa wote walikuwa wari, hakuna kati yao aliyekwisha kufundwa. Mjadala ulipoanza hapo haukuhitaji tena maswali yaliyotayarishwa. Maneno "aliyepotoka" na "aliyeharibika" yalijitokeza mara nyingi. Yalipojitokeza, aliyesema aliombwa ataje ukurasa. Kwa mtoto aliyeshikwa na mkono wa sheria, Kiswahili cha ofisi kina "mtoto aliyekinzana na sheria", refu na baridi, lakini angalau linamwacha akiwa mtoto.

Wiki ya 7: jeshi la majini

Msichana anajiunga na jeshi la majini la Marekani. Mafunzo ya kuruta hufanyika Great Lakes, Illinois, kaskazini mwa Chicago. Kilichohitaji maelezo ni sheria ya "usiulize, usiseme", iliyopitishwa 1993 na kukoma tarehe 20 Septemba 2011: mkubwa asimuulize askari kama anapenda jinsia yake, askari asiseme, akisema anaachishwa. Zaidi ya 13,000 waliachishwa. Wasomaji waliosoma haraka waliiona kama ruhusa. Isomwe tena baada ya kadi za wiki ya 6: jeshi lilikuwa linaamrisha kwa sheria kile ambacho ngeli ya A-WA inafanya kwa bahati.

Wiki ya 8: kurudi kisiwani

Mstari wa miaka umetengenezwa ukutani kwa utepe wa mita 3, juu historia ya kisiwa, chini maisha ya familia. Juu: majeshi ya Marekani kutua Guánica 25 Julai 1898, mauaji ya Ponce, Jumapili ya Matawi 1937, polisi wakipiga risasi maandamano ya wazalendo, sheria ya kufunga midomo ya 1948, iliyofanya bendera ya Puerto Rico kuwa kosa hadi 1957, katiba ya 1952, iliyoanza kutumika 25 Julai ileile. Upana uwe sentimita 2 kwa mwaka. Kwa sentimita 1 miaka ya 1990 inabanana na kadi zinapandana.

Kosa: utepe ulianzia 1898 na kuishia 2019, miaka 121, na mita 3 kwa sentimita 2 zinabeba miaka 150. Sentimita 58 zilibaki tupu kulia. Zimetumika kwa kimbunga Maria pekee, na hazikupotea. Maria kilitua Yabucoa, jirani na Humacao, tarehe 20 Septemba 2017. Punta Santiago, ufukwe wa Humacao, wakazi waliandika barabarani kwa herufi kubwa za kuonekana kutoka angani kwamba wanahitaji maji na chakula. Idadi rasmi ya waliokufa ilikaa 64 kwa miezi, kisha Agosti 2018 ikawa 2,975. Kitabu kilitoka mwaka uliofuata. Kurasa za mwisho za kurudi kisiwani zisisomwe bila utepe huo mbele ya macho.

Wiki ya 9: hali ya kazi

Kitabu kimekwisha. Kadi 74, kati yake 31 za kijani. Kurasa 16 za wiki ya 2 zilizobaki zilifidiwa wiki ya 7. Kadi za bluu za wasichana wa mtaani zimechelewa. Wengi wanaingia na kutoka kama kundi na kuwatenganisha kunaharibu "sisi", hivyo wamepewa kadi 1 ya pamoja.

Kimebaki kichwa cha kitabu kwa Kiswahili. "Wasichana wa kawaida" imekataliwa: kawaida kwetu ni desturi, na msikilizaji anaona wasichana waliotulia nyumbani. "Wasichana wa mitaani" ni mbaya zaidi. Kadi ya 74 ina mapendekezo mawili yenye maneno yaleyale. Wasichana tu. Tu wasichana. La kwanza linawapunguza, la pili wanajisemea wenyewe, kwa wingi. Kura zilipigwa mara 2, zikagawanyika sawa kwa sawa. Kadi imeachwa na pande zote mbili zimeandikwa, moja mbele na moja nyuma.